Mjusi, Planki au Chuma: Fiziotherapia Ipi kwa Mwanamichezo Anayeumwa Kiuno?

Kiungo wetu mkabaji alishuka kwenye basi la kutoka Mbeya amejikunja kama mzee. Alikuwa ameketi zaidi ya saa 12, magoti yakigusa kiti cha mbele, na tangu Dodoma maumivu yalikuwa yameanza kuteremka kutoka kiunoni hadi nyuma ya paja la kushoto. Kesho yake nilimlaza kifudifudi, nikamfundisha kujiinua kwa mikono huku nyonga zimebaki chini, mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu. Wachezaji wanaliita zoezi la mjusi, kwa ajili ya yule mjusi wa kichwa chekundu anayepiga pushapu juu ya mawe kutwa nzima. Siku ya tatu paja lilikuwa kimya, maumivu yamepanda na kubaki kiunoni tu. Wiki ya pili alikuwa anakimbia.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia asilisambaze. Alijirekodi kwa simu, akamtumia mdogo wake, binti wa miaka 16 anayerusha mkuki shuleni, ambaye naye alikuwa analalamika kiuno wakati maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, yamepamba moto. Binti akafanya mjusi kwa bidii ya mtoto anayemwamini kaka yake. Kila siku akaamka anaumwa zaidi. Mama yao alipomleta kwangu, alikuwa hawezi hata kurudisha kichwa nyuma anywe maji ya chupa bila kukunja uso.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Dokta, fiziotherapia gani ni nzuri kwa mgongo?" (mimi si dokta, lakini nimechoka kukanusha) nami humuuliza: unaumwa ukifanya nini, na tangu lini? Njia zote nitakazozipanga hapa zina watu ziliowasaidia. Zina na watu ziliowaumiza, au zilizowalia pesa bure.

Mjusi, na yule asiyepaswa kuwa mjusi

Zoezi hilo lina mwenyewe. Mwaka 1956, Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia huko Wellington, New Zealand, alimwambia mgonjwa wake aingie chumbani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa upande wa kichwa umeinuliwa. Mgonjwa akalala hivyo hivyo, mgongo umejipinda nyuma, jambo ambalo wataalamu wa wakati ule waliliogopa. McKenzie alipoingia alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu wake haujawahi kuwa na nafuu kama ile. Kutoka hapo akajenga utaratibu mzima: rudia harakati moja mara nyingi, kisha tazama maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka mguuni yakapanda kuelekea kiunoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kwa siku mbili. Yakiteremka kuelekea gotini au unyayoni, acha. Wengi wanadhani McKenzie maana yake ni kujipinda nyuma tu. Sivyo. Wapo wanaopata nafuu kwa kuinama, na wapo wa kuegemea ubavu mmoja, ingawa kundi la kujipinda nyuma ndilo kubwa.

Kwa mwanamichezo ambaye maumivu yake yanachochewa na kukaa na kuinama (mwendesha baiskeli, mpiga makasia, mchezaji aliyetoka safari ndefu, mnyanyua vyuma aliyezembea mgongo) hii ndiyo njia ninayoanza nayo. Haihitaji kifaa, unafanya sakafuni kwako, na ina sifa moja ambayo nyingine nyingi hazina: inatoa jibu mapema. Kama mwelekeo ni sahihi, dalili unaziona ndani ya siku chache. Ukiona wiki mbili zimepita hakuna kilichosogea, si suala la subira, njia si yako. Udhaifu wake ni kwamba inatuliza lakini haijengi. Mchezaji aliyepona kwa mjusi na kurudi uwanjani bila kufanya kingine, mara nyingi namwona tena kabla msimu haujaisha.

Sasa yule binti. Mrusha mkuki hujipinda nyuma kwa kasi, mguu wa mbele ukigonga chini kama nguzo, na kiwiliwili kinajifyatua juu yake. Rusha hivyo mara maelfu ukiwa bado unakua, na kile kipande chembamba cha mfupa nyuma ya pingili, mara nyingi pingili ya tano ya kiuno, kinaweza kupata ufa wa uchovu. Ni ufa unaowapata pia wanasarakasi, warusha mpira wa kasi kwenye kriketi na wapiga sevu wa tenisi. Utafiti mmoja wa Boston uliochapishwa mwaka 1995 uliwalinganisha vijana 100 wanamichezo wenye maumivu ya kiuno na watu wazima 100 wenye maumivu kama hayo. Ufa huo ulionekana kwa vijana 47 na watu wazima 5. Nikipewa namba moja tu ya kumwachia mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, nitampa hiyo.

Kuna jaribio maarufu la kusimama kwa mguu mmoja na kujipinda nyuma. Nalifanya, lakini siliamini peke yake, maana huwakosa wenye ufa na huwatuhumu wasio nao. Eksirei ya kawaida nayo mara nyingi haioni ufa ukiwa mchanga, MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo inayouona mapema. Tiba yake, tofauti na karibu kila kitu nitakachokisema hapa, inaanza na kuacha. Kwa kawaida ni kama miezi mitatu bila kurusha, bila kuruka, bila kujipinda. Si kulala kitandani: anatembea, anaimarisha tumbo na makalio, analegeza nyonga na mabega ili siku akirudi kiuno kisibebe kazi ya wengine. Kwa huyu, mjusi ni sawa na kufungua kidonda kila asubuhi kuangalia kama kimepona.

Pale ambapo swali si fiziotherapia

Hapa sitaki mzaha. Ganzi sehemu unazokalia, mkojo kugoma au kutoka bila habari, miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hiyo ni hospitali leo hii, usiku huu, si kesho. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito vikiambatana na maumivu ya mgongo, kwenye nchi zetu lazima mtu afikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo kabla hajafikiria planki. Kijana anayeamka mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, na anayepata nafuu akichangamka lakini si akipumzika, aonwe na daktari wa baridi yabisi.

Na kwa wakimbiaji wa mbio ndefu, hasa wanawake, wa Iten, wa Mbulu au wa kwetu hapa Moshi: maumivu ya upande mmoja juu ya kalio, yanayochoma ukiruka kwa mguu huo, huku hedhi imekatika na chakula ni kidogo kuliko kilometa, yanaweza kuwa ufa kwenye sakramu, mfupa mpana ulio chini ya kiuno, kati ya nyonga mbili. Hakuna zoezi la kuuziba. Tiba inaanzia kwenye sahani ya chakula na kwenye kupunguza mbio.

Planki na chuma

Hapa ndipo ubishi wa jimu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kambi ya kwanza inaamini misuli ya kiini, ile inayozunguka tumbo na kiuno kama mkanda. Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba mtu mwenye historia ya maumivu ya kiuno akiinua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo unachelewa kuamka ukilinganisha na wa mtu asiye na historia hiyo. Dunia ikaanza kuvuta kitovu ndani. Nilisoma wakati mtindo huo ukiwa juu. Tuliwalaza watu chali wiki nzima, vidole tumboni, tukitafuta msuli ambao hata sisi tulikuwa na mashaka kama tumeugusa. Majaribio yaliyofuata yalikuta mazoezi hayo yanasaidia, ila kwa muda mrefu hayakuonyesha ubora wa wazi juu ya mazoezi mengine. Siku hizi ninayafundisha mara moja, kisha tunasonga mbele.

Ndani ya kambi hiyo hiyo yuko Stuart McGill, aliyefanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Maabara yake iliinamisha na kunyoosha migongo ya nguruwe maelfu ya mara hadi diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zikatoka, na akatoka na ushauri wa kulinda kiuno kwa ustahimilivu badala ya nguvu. Mazoezi yake makuu ni matatu: kuinua kichwa na mabega kidogo ukiwa chali na mikono chini ya kiuno, planki ya ubavu (unajiinua kwa kiwiko kimoja, mwili umenyooka kama ubao), na lile la kupiga magoti, viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Unashikilia sekunde kama 10, unapumzika, unarudia. Kwa kiuno ambacho bado kina hasira, kinachokataa mzigo wowote, sijapata mlango mzuri wa kuingilia kuliko huo. Golikipa aliyeteguka Jumamosi anaweza kuyafanya Jumatatu.

Lakini nguruwe wa maabara ni mfu. Hana misuli inayozoea, wala diski inayojijenga baada ya kazi. Nimeona wanamichezo waliobaki kwenye kambi hii mwaka mzima wakawa na viuno vigumu kama ubao na woga usioisha: mtu anaokota peni kwa maandalizi ya kunyanyua gunia. Huyo hajapona.

Kambi ya pili ni chuma: kunyanyua uzito kutoka chini, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na mzigo), kubeba na kutembea. Mwaka 2015 watafiti wa Umeå, Uswidi, walilinganisha dedilifti, kule kunyanyua uzito kutoka chini, na mazoezi mepesi ya kudhibiti mwendo kwa watu wenye maumivu ya kiuno. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili bila tofauti kubwa. Kilichonifaa mimi ni kile walichokipata walipoangalia ni nani aliyefaidi chuma: ni wale ambao tangu mwanzo maumivu yao hayakuwa makali sana, na misuli ya mgongo wao ilikuwa na ustahimilivu. Ustahimilivu huo unapimwa kwa kulala kifudifudi kiwiliwili kikining'inia nje ya kitanda, mtu amekushika miguu, na saa inahesabu. Kanuni yangu, ya kliniki yangu tu: asiyefika dakika moja bado hajafika kwenye chuma kizito.

Anayefika, namwanzishia. Mara mbili kwa wiki, uzito ukipanda taratibu, na hakuna ulazima wa jimu ya kioo na feni. Vyuma vya zege vilivyofinyangwa kwenye makopo ya rangi vinatosha, au ndoo mbili za mchanga. Kwa mchezaji ambaye kiuno chake huja na kuondoka, anayepona Juni na kuumwa tena Septemba, nachagua chuma bila kusita. Uwanjani atasukumwa, atatua vibaya, atageuka akiwa amechoka, na planki ya sekunde 10 haikumwandaa kwa hayo. Tatizo la chuma ni kiburi. Wengi ninaowapokea kutoka huko hawakuumizwa na zoezi, waliumizwa na kuongeza kilo 20 kwa sababu jirani aliongeza.

Mikono na mashine

Kuchuliwa, kila mtu hupenda. Mimi pia. Mikono inapunguza maumivu kwa saa au siku kadhaa, na kabla ya mechi hilo si jambo dogo. Ule mlio wa "ko" ukigeuzwa mgongo ni gesi kwenye ute wa kiungo, si pingili iliyorudi mahali pake. Haikuwa imetoka. Mtaalamu anayekwambia pingili yako imeteleza na urudi kila wiki airudishe, anakuuzia kadi ya wiki.

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 unaweka jambo hili vizuri: tiba ya mikono itumike ikiwa imeambatana na mazoezi, si peke yake. Mwongozo huo huo unakataa mikanda ya mgongo, mashine za kuvuta uti wa mgongo, mashine ya mawimbi ya sauti na ile ya mishtuko midogo ya umeme. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiuno, nao unakwenda upande huo huo.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kila kiuno kilipangiwa mashine mara kumi. Mgonjwa analala, mashine inanguruma, mimi naandika kadi. Wengine walipona, kwa kuwa maumivu mengi mapya ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki sita hivi, uwe na mashine au usiwe nayo. Mashine ikachukua sifa. Kama bajeti yako ni ya mara nne tu, usiiache hata moja pale. Taulo la maji ya moto la nyumbani linatuliza misuli bila risiti.

Kiuno kilichozeeka na kichwa kinachoogopa

Kuna mchezaji wa netiboli aliyenijia na majibu ya MRI ndani ya bahasha ya plastiki, ameyatunza kama hati ya kiwanja. Miezi 14 ya maumivu. Karatasi ilisema diski imechakaa, nyingine imevimba. Alikuwa na miaka 26 na alishajiona amemaliza.

Nilimwonyesha kitu kimoja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu wasioumwa kabisa, ulikadiria kwamba wakiwa na miaka 20 asilimia 37 wana diski zilizochakaa na asilimia 30 zilizovimba. Wakifika 40 ni asilimia 68 na 50. Yaani ukiipiga picha timu nzima, kati ya theluthi na nusu ya walio fiti watakuwa na karatasi kama yake.

Kwa mtu wa aina hii, aliyepita miezi mitatu na kuendelea, mjusi na planki mara nyingi ameshavimaliza vyote. Njia inayomfaa ni ile iliyojengwa na Peter O'Sullivan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Curtin, Perth, inayounganisha fikra na mwendo. Mnakaa, anasimulia maumivu yake tangu mwanzo, mnatafuta harakati anayoiogopa, kisha anaifanya mbele yako akiwa amelegea na anapumua, badala ya kuukaza mwili. Usingizi, mawazo ya nyumbani na ratiba ya mazoezi vinaingia humo. Jaribio lao lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2023 lilikuwa na watu 492 nchini Australia. Vikao havikuzidi saba katika wiki 12, pamoja na kimoja cha kukumbushia baadaye, na faida ilikuwa bado ipo mwaka ulipotimia. Kundi moja lilivalishwa na vifaa vya kupima mwendo. Havikuongeza kitu.

Walioshiriki hawakuwa wanamichezo wa ushindani, na hilo nalizingatia. Tena inahitaji mtaalamu mwenye saa nzima na masikio, wakati foleni zetu zinampa dakika 15. Lakini kati ya njia zote hizi ndiyo pekee iliyonifundisha kunyamaza. Dada wa netiboli aliniambia kikao cha pili: "Kaka, wewe ndiye wa kwanza kuniambia naweza kuinama." Nilikuwa wa tano kumtibu.

Kalenda ya msimu

Hili halisemwi sana. Njia ile ile inaweza kuwa sahihi Januari na mbaya Mei. Katikati ya ligi sianzishi chuma kizito kwa asiyekizoea, misuli itauma na kocha atanilaumu mimi. Hapo ni mjusi kama mwelekeo upo, mazoezi matatu ya McGill, mikono kabla ya mechi, na kupunguza dakika za uwanjani. Mapumziko ya msimu ndiyo wakati wa chuma, na ndiyo wakati wachezaji wengi wanakwenda kijijini wasionekane tena hadi siku ya kuripoti.

Ukienda kliniki mpya, tazama mambo mawili kabla ya kulipia kifurushi. Je, alikuangalia ukikimbia, ukiinama, ukifanya kile kinachokuumiza, au alikuuliza jina akaelekea kwenye mashine? Na je, umetoka na kitu cha kufanya mwenyewe nyumbani? Baada ya mara ya nne pasipo mabadiliko yoyote, muulize mpango unaofuata ni upi. Mwenye kazi yake hatachukia.

Yule kiungo bado anafanya mjusi kila tukisimama kula njiani, pembeni ya basi, abiria wengine wakicheka. Jumanne na Ijumaa ananyanyua zege. Mdogo wake aliikosa UMISSETA mwaka ule na alilia sana, mbele yangu na mbele ya mama yake. Mwezi wa nne wa matibabu alianza kurusha mpira wa tenisi ukutani, kisha mkuki akiwa amesimama, bila mbio, marusho 10, siku mbili za kupumzika, marusho 15. Alipofika 20, kesho yake asubuhi alinitumia picha kwenye simu: kichwa kimerudi nyuma, chupa ya maji iko mdomoni.